Kifurushi cha Machi au cha Mei? Oscar na AMVCA kwa mtazamaji wa Mwanza

Nyumbani kwetu Igogo king'amuzi hulipiwa kwa kubahatisha. Mwezi tuna hela, mwezi hatuna, na miezi ambayo hatuna tunashinda na chaneli za bure, mpira tunaufuata kibanda umiza. Lakini mara moja kwa mwaka tunajitutumua, tunanunua kile kifurushi kikubwa chenye kila kitu, na hapo ndipo ubishi unapoanza. Mimi nataka kilipiwe Machi tuangalie Oscar. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, fundi cherehani pale Makoroboi, anataka kilipiwe Mei tuangalie AMVCA, yaani Africa Magic Viewers' Choice Awards, tuzo za filamu na tamthilia za Afrika kutoka Lagos. Miezi yote miwili haiwezekani. Hela ile ni mboga ya wiki nzima, tena mboga yenye sangara ndani.

Tumeshajaribu pande zote. Nimekesha Machi, nimekaa Mei, na sasa naona nina haki ya kusema. Nikuambie mapema nilikoangukia, usije ukasema nimekuzungusha: nyumba nyingi za huku kwetu zilipie Mei. Machi ina watu wake, wachache, na nitakueleza ni akina nani. Mimi mwenyewe ni mmoja wao, ndiyo maana nina uchungu kidogo ninapoandika haya.

Kwanza saa

Oscar hutolewa Jumapili jioni, ukumbi wa Dolby, Hollywood. Jumapili jioni ya kule ni Jumatatu usiku wa manane huku. Kila mwaka kuna mtu anakosea saa, kwa hiyo tulimalize hili. Wamarekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi. Sherehe ikiangukia kabla ya Jumapili hiyo, kwa ratiba ya miaka hii sisi tunaanza kuangalia saa tisa usiku. Ikiangukia siku hiyo au baada yake, ni saa nane. Mwaka 2024 ilikuwa 10 Machi, siku yenyewe ya kusogeza saa, ikaanza saa nane. Mwaka 2025 ilikuwa 2 Machi, ikaanza saa tisa. Ile ya 15 Machi 2026 iko upande wa saa nane. Hapo ongeza saa tatu na nusu, pengine nne, za sherehe yenyewe, kisha jiulize bosi wako ana roho gani.

Ule usiku wa 2025 mwezi ulikuwa mchanga, umetua mapema, giza totoro. Kutoka barazani kwetu, juu ya mawe, unaliona ziwa lote chini, na lilikuwa limejaa taa za wavuvi wa dagaa kama mji mwingine umehamia majini. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa, mwezi ukiwa mpevu watu hushona nyavu na kulala. Kwa hiyo saa tisa ile, katika Mwanza nzima, waliokuwa macho ni wavuvi wa dagaa, walinzi, manesi wa zamu na mimi. Wao walau walikuwa kazini.

Tuzo kubwa kuliko zote, ya filamu bora, hutolewa mwisho kabisa. Mwaka ule ilinikuta kunapambazuka, bodaboda wa kwanza wanaanza kuunguruma kule chini barabarani, na mke wangu ameamka kupika uji wa watoto. Akanikuta nimekaa wima, blanketi mabegani, macho mekundu.

"Umeshinda?" akaniuliza.

AMVCA ni Jumamosi usiku. Lagos iko nyuma yetu kwa saa mbili tu, yaani saa mbili usiku ya kule ni saa nne usiku ya huku. Watoto wanaona zulia jekundu kabla hawajalala, wakubwa wanaendelea, sherehe inavuka saa sita usiku na hakuna anayejali kwa sababu kesho ni Jumapili. Anayewahi ibada ya kwanza ataumia kidogo. Wengine tuna ibada ya pili.

Kwa hili la saa peke yake Mei imeshaongoza, na mtu mwenye watoto wadogo au kibarua cha saa moja na nusu asubuhi anaweza kuacha kusoma hapa.

Hoja ya mkeshaji

Hoja yetu wakeshaji ni moja: unalipia kuwepo. Kitu kikitokea, umekiona kwa macho yako, hujasimuliwa. Na Oscar ina historia ya mambo kutokea. Mwaka 2017 Warren Beatty na Faye Dunaway walikabidhiwa bahasha isiyo yao. Wakati huo kila tuzo ilikuwa na bahasha mbili, moja kila upande wa jukwaa, na wao wakapewa pacha wa bahasha ya mwigizaji bora wa kike ambayo ilikuwa imeshasomwa. Wakatangaza La La Land, watu wakapanda, wakaanza kushukuru, kisha ikabidi washuke kwa sababu mshindi alikuwa Moonlight. Kwetu ilikuwa saa mbili asubuhi imeshapita kidogo. Waliowahi daladala walikosa.

Machi 2022 nikasema safari hii hainipiti. Nikalipia, nikaweka chai kwenye chupa, nikachemsha na viazi. Karibu saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa zetu, Will Smith akapanda jukwaani akampiga Chris Rock kofi lililozungumzwa dunia nzima. Mimi nilikuwa mita mbili kutoka kwenye televisheni, mdomo wazi, nakoroma. Habari niliipata ndani ya daladala la Nyegezi kutoka kwa kijana aliyelala usingizi wake wote, akaamka, akafungua simu. Alinisimulia tukio lililotokea mbele ya uso wangu, tena akanionyesha kwa mkono jinsi kofi lilivyokwenda.

Tangu hapo hoja ya kuwepo naitoa kwa sauti ya chini.

Harusi ya watu usiowajua

Lakini saa si jambo kubwa. Mtu akipenda kitu anaamka. Mbona mpira wa Marekani Kusini tunaukeshea? Jambo kubwa ni filamu zenyewe. Kuangalia tuzo za filamu ambazo hujaziona ni kama kualikwa harusi ya watu usiowajua: unakula, unapiga makofi, unasifia gauni la bibi harusi, lakini wazazi wanapolia wewe huna cha kulilia.

Hata wenyewe wameliona. Kuanzia tuzo za 2026 Akademi, wenye Oscar, imeweka sharti kwamba mpigakura awe ameangalia filamu zote zilizoteuliwa katika kipengele kabla ya kukipigia kura ya mwisho. Maana yake, miaka yote ya nyuma mtu aliweza kupiga kura kwa kusikia. Sasa kama mpigakura wa Hollywood, anayeletewa filamu mpaka sebuleni, ilibidi alazimishwe, itakuwaje kwa mtu wa Igogo?

Huku kwetu filamu hutufikia kwa njia tunazozijua. Kuna vibanda vya kuingiza muvi kwenye flashi, unatoa hela kidogo unaondoka na kumi, nyingi za mapigano, nyingi zimetafsiriwa. Kizazi chetu kililelewa na sauti ya Lufufu, mtafsiri wa muvi, ikituelezea nani adui na nani stelingi. Filamu ikipata mtafsiri imefika Mwanza. Isipopata, hata ikichukua Oscar tano, haijafika. Mwaka 2024 tulikuwa na bahati, Oppenheimer ilikuwa imeshafika kila mahali, hata jirani yangu muuza vipuri alikuwa na maoni juu ya bomu. Ilipochukua tuzo saba tulijua zinachukuliwa kwa lipi. Mwaka uliofuata Anora ikachukua tano, Sean Baker peke yake akiondoka na nne, na katika nyumba yetu hakuna aliyekuwa ameiona hata kipande. Nilikaa nahesabu safari zake za jukwaani kama mtu anayehesabu malori barabarani.

Sasa geukia Lagos. Nani Mwanza hawajui Wanaijeria? Kabla ya flashi, enzi za CD za kukodi, Patience Ozokwor alikuwa mama mkwe wa kila mtu. Aki na Ukwa waliigizwa na watoto mitaani kwetu na hao watoto leo wana watoto wao. Kamera ya AMVCA ikipita kwenye viti, sebule yetu inaitikia: huyu namjua, huyu alimtesa yule, huyu kumbe amezeeka hivi. Mke wangu, ambaye Oscar humkuta jikoni, Mei huwa anakaa kiti cha mbele.

Halafu kuna jambo la kwetu wenyewe. AMVCA ilianza 2013, na tangu mapema ilitenga nafasi kwa Afrika Mashariki na kwa filamu za Kiswahili. Machi 2016, wakati huo tuzo bado zinatolewa Machi, Elizabeth Michael, Lulu wetu, alichukua filamu bora Afrika Mashariki kwa Mapenzi, na Single Mtambalike, yaani Richie, akachukua ya filamu bora ya Kiswahili kwa Kitendawili. Watanzania wawili usiku mmoja, Lagos. Mtaani kwetu ilipokelewa kama goli la Taifa Stars dakika ya tisini. Hapo hukuwa mgeni harusini. Ulikuwa upande wa bwana harusi.

Nitasema na ubaya wake, maana shemeji akisoma atadhani nimehongwa. AMVCA ni sherehe ya Nigeria ambayo sisi tumekaribishwa. Vipengele vyetu hupita haraka, mara nyingi mapema, kabla ukumbi haujachangamka. Utani wa jukwaani ni wa Kinaijeria kwa Kinaijeria; IK Osakioduwa, mshereheshaji wao wa miaka mingi, anaweza kuuangusha ukumbi mzima kwa kicheko na sebule ya Igogo ikabaki inatazamana. Matangazo ya wadhamini hayaishi. Muziki ni mwingi kuliko filamu. Na usidanganyike na jina lenye "chaguo la watazamaji": baadhi ya vipengele hupigiwa kura na watu, vingine huamuliwa na majaji, kwa hiyo kabla hujapoteza muda kumpigia mtu kampeni kwenye magrupu ya WhatsApp, hakikisha kipengele chake ni cha kura.

Mara ambazo Oscar ilikuwa yetu

Haki itendeke. Oscar nayo imewahi kufika ziwani, tena mara mbili ambazo sitazisahau, na zote mbili hazifanani.

Ya kwanza ni 2006. Filamu ya Hubert Sauper iitwayo Darwin's Nightmare, iliyopigwa hapa hapa Mwanza, juu ya sangara, viwanda vya minofu na ndege za mizigo za pale uwanjani, iliteuliwa katika filamu bora ya maisha halisi. Ikashindwa na filamu ya pengwini. Mji wetu ulikuwa Oscar na hakuna aliyefurahi. Mwaka huo huo Rais Kikwete aliikemea hadharani, na watu waligawanyika: wengine walisema imetuchafua, wengine walisema vichwa vya samaki vilivyoonyeshwa humo, mapanki, si tuliwaona wenyewe watu wakivikaanga? Mimi nilikuwa kijana, nilibishana hili mpaka nikapoteza rafiki mmoja. Ninachokumbuka ni kwamba hakuna usiku wa tuzo nilioufuatilia kwa moyo wa namna ile, nikiombea filamu ishindwe, na papo hapo nikiwa na wivu kwamba pengwini ndio walioshinda.

Ya pili ni Machi 2014. Lupita Nyong'o, ambaye kwao ni Kisumu, ng'ambo tu ya ziwa hili hili, alichukua tuzo ya mwigizaji bora msaidizi wa kike kwa 12 Years a Slave. Akasema maneno yale kwamba popote ulikotoka, ndoto zako ni halali. Kule Mwaloni Kirumba, wachuuzi wanaofanya biashara na Kisumu walikuwa wanamwita "mtoto wetu" kana kwamba mpaka haupo. Na kweli samaki haujui mpaka.

Lakini hesabu: mara mbili kwa miaka mingi kiasi hicho. Ongeza Daniel Kaluuya, mwenye wazazi wa Uganda, 2021. Ongeza Watu Wote, filamu fupi ya Kiswahili iliyoteuliwa 2018 ingawa mwongozaji ni Mjerumani. Tanzania yenyewe tulipeleka Maangamizi mwaka 2001, tukakaa kimya miaka ishirini na moja, tukapeleka Vuta N'kuvute ya Amil Shivji mwaka 2022, haikufika hata kwenye orodha ya awali. Ukilipia Machi kwa kutegemea kuona mtu wa kwenu, unavua mchana.

Nguo

Hapa namwachia shemeji, maana mimi naona rangi tu.

Yeye haangalii tuzo, anaangalia mishono. Anakuja na daftari la kurasa mia, futi ya kupimia bado imening'inia shingoni, anakaa chini kabisa mbele ya televisheni na simu mkononi. Mtu akisimama kwenye zulia, anapiga picha skrini, anaandika: mikono ya puto, shingo boti, linabana mpaka magotini halafu linafunguka. Watoto wakipita mbele yake anawafukuza kama kuku.

Nilimuuliza tofauti ya pande mbili. Alijibu bila kuinua kichwa.

"Shemeji, za Oscar ni za kutazama, za Lagos ni za kushona."

Nikataka anieleze. Akasema gauni la Oscar mara nyingi ni kitambaa kimoja, rangi moja, uzuri wote uko kwenye mkato. Mkato ule ukikosea nusu inchi, mteja anaonekana amevaa shuka. Alilitaja lile la Lupita la 2014, la buluu ya mpauko ambayo mwenyewe Lupita aliiita buluu ya Nairobi, sketi yake ina marinda membamba yanayotembea na mwili. Wateja walimletea picha ile mwaka mzima. Alishona manne, akasema alitosheka na moja tu. Lile kitambaa chake kilikuwa kizito kama cha pazia, kikakubali rinda.

Za Lagos ni lesi, shanga, vito, lemba la kufa mtu, mikono mikubwa. Kosa linajificha. Na vitambaa vinapatikana hapa hapa mjini, kitenge, lesi, bazee, kwa hiyo mteja wa sendofu anaona kitu anachoweza kukifikia. AMVCA wana hadi tuzo ya aliyependeza zaidi, mwanamke na mwanamume, na kabla ya usiku mkuu wana siku ya utamaduni ambapo watu huvaa mavazi ya makabila yao. Kwa fundi, wiki ile ni darasa.

Jumatatu baada ya AMVCA moja nilipita kibandani kwake nikamkuta na mteja mwenye picha kwenye simu na kitenge begani. Kitenge ni kipande kimoja. Shemeji akaitazama picha, akakitazama kitenge, akavua miwani.

"Dada yangu, hili la kwenye picha limekula mita tisa. Wewe umekuja na nne, tena unataka na mtandio."

"Si upunguze pale chini?"

"Nikipunguza pale chini litabaki hili hili ulilovaa."

Walikubaliana mkono mmoja wa puto, upande mwingine bila mkono. Likawa zuri kuliko la kwenye picha, nimeliona, na wateja wawili wakaja kuliomba hilo hilo la mkono mmoja.

Kwa hiyo ukiwa fundi, mpambaji, mpiga picha za sherehe, msusi, usihangaike kusoma zaidi. Kifurushi cha Mei kwako ni mtaji, siyo starehe.

Hotuba na urefu

Sherehe ya kwanza ya Oscar, mwaka 1929, ilimalizika kwa karibu robo saa tu ya kutoa tuzo, hotelini, watu wakiwa wamekula. Laiti wangebaki pale. Televisheni ilipoingia mwaka 1953 ndipo mambo yakaanza kuvutika kama kamba ya mpira.

Hata hivyo kwa hotuba Oscar ninawapa. Mshindi anapewa sekunde 45, na akizidisha, muziki unaanza kumfukuza. Hii inamlazimisha mtu kusema jambo moja. Lupita alisema lake, likabaki. Wapo wanaovunja, Adrien Brody mwaka 2025 alizungumza zaidi ya dakika tano na kuuambia muziki unyamaze, nami nikaenda kuchemsha chai nyingine nikarudi bado yupo. Lagos mtu hushukuru Mungu, mama, mchungaji, prodyuza, mume, timu nzima kwa majina, kisha Mungu tena. Mke wangu anazipenda hizo. Anasema ndivyo mtu aliyepata anavyopaswa kusema, na mtu anayeshukuru kwa sekunde 45 huko kwao amefunzwa na nani.

Kile kipande cha kuwakumbuka waliofariki, Oscar wanakifanya vizuri mno, kimya, muziki wa taratibu. Saa kumi na moja alfajiri, peke yako, ziwa nje, kinakuingia. Hilo nitalikosa.

Njia ya tatu: vipande

Kuna watakaouliza kwa nini ulipie chochote. Swali zuri. Oscar, kwa mtu asiye mkeshaji, inaliwa vizuri zaidi asubuhi kwa simu: hotuba tatu au nne, utangulizi wa mshereheshaji, na kioja kama kimetokea. Dakika ishirini ndani ya daladala kutoka Igoma hadi mjini, bando dogo, umemaliza na unaweza kubishana ofisini kama mtu aliyekesha. Kijana wa daladala la Nyegezi ni shahidi.

Na hali yenyewe inaelekea huko. Akademi imetangaza kwamba kuanzia 2029 Oscar zitahamia YouTube, bure, dunia nzima, baada ya sherehe ya mia moja ya 2028 kubaki ABC. Yaani hii hoja yangu ya kifurushi cha Machi ina umri wa kufa, na baada ya hapo utakaokuwa unaulipia ni usingizi na data tu.

AMVCA kwa vipande hainogi. Hii nimeijaribu. Ile ni sherehe ya sebule: kelele, kubishana, mtu anapita na sahani ya sato. Ukiiangalia peke yako kwenye simu unabaki unaona matangazo.

Na za nyumbani?

Nisiwapite. Azam walianzisha tuzo zao za Sinema Zetu mwaka 2018, na Bodi ya Filamu ikaja na Tuzo za Filamu Tanzania, za kwanza zikafanyika Mbeya mwaka 2021. Zanzibar wana tamasha la filamu la ZIFF tangu 1998, na tuzo yake ya Jahazi la Dhahabu, ingawa hiyo ni ya kwenda mwenyewe, si ya kukaa mbele ya televisheni. Za nyumbani zina raha ambayo Lagos na Hollywood hazina: unaelewa kila utani. Mama yangu mdogo wa Sengerema, ambaye hajawahi kusikia neno Oscar, alinipigia simu usiku kuniuliza yule kijana wa tamthilia ya saa tatu ameshinda au wamemnyima, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza matokeo ya darasa la saba. Kama lengo lako ni wazee wa nyumbani wafurahi, subiri hizo, na huhitaji kifurushi kikubwa.

Nani alipie lini

Lipia Machi kama umeshaona walau nusu ya filamu zilizoteuliwa kuwa bora, Jumatatu yako ni ya mapumziko au ya kujiajiri, na una uwezo wa kukaa macho bila mtu wa kukupiga kiwiko. Yote matatu kwa pamoja, siyo moja. Mwaka 2024 nilitimiza yote, ni mwaka mzuri niliowahi kuwa nao. Lipia Machi pia kama mwaka huo kuna mtu wa ziwani kwenye orodha; hapo hata mimi nitauza kitu.

Lipia Mei kama nyumba ina zaidi ya watu watatu, kama kuna mtu anayeishi kwa sindano au kamera, au kama mwenzi wako hajawahi kukaa nawe kuangalia kitu chochote mpaka mwisho. Nunua umeme wa LUKU mapema, siku ile ile mchana, maana unit zikiisha saa tano usiku wakati lesi zinapita, nyumba haitalala.

Kwetu limeshaamuliwa. Shemeji ameshachukua advansi za wateja watatu wa sendofu za Juni, wote wameambiwa wasubiri "mishono mipya ya Lagos," kwa hiyo hakuna tena mjadala. Mimi nimeachiwa GB moja ya Machi, chupa ya chai, na kile kiti nilicholalia kofi.